SOMO: Kuvuka Thorong La (mita 5,416) bila kuugua mwinuko

Wakuu, Thorong La ni pito la mlimani huko Nepal, kwenye njia ya miguu inayozunguka milima ya Annapurna. Kule juu kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ya usawa wa bahari. Wengi wanaokwama hawakosi miguu, wamepanda haraka mno, wakaugua kabla mwili haujazoea hewa hiyo.

Hatua ya 1: Fuata bonde la mto Marsyangdi kwa miguu. Siku hizi gari linafika hadi kijiji cha Manang, mita 3,500 na ushee, na mtego uko hapo: unashuka garini mzima, usiku kichwa kinakupasuka.

Hatua ya 2: Ukishapita mita 3,000, unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Mchana panda utakavyo, mradi ushuke kulala. Manang lala siku mbili.

Hatua ya 3: Vituo vya kulala vinavyofuata ni Yak Kharka, kisha Thorong Phedi chini ya pito. Kila jioni pimaneni. Kichwa kinauma na chakula hakishuki? Kesho hupandi. Mwambie mwenzako atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole. Akipepesuka, au akihema ilhali amekaa tu, anashushwa usiku huohuo. Msingoje kupambazuke.

Hatua ya 4: Ondokeni giza bado lipo, maana kufikia saa nne asubuhi upepo juu huwa mkali. Chupa ya maji ibebe kichwa chini. Barafu huanzia juu, hivyo mdomo hauzibi. Ukivuka kuna mteremko wa mita 1,600 hadi kijiji cha Muktinath. Magoti yatasimulia.

Theluji ikianza, bakini mlipo. Oktoba 2014, msimu unaosifiwa kabisa, dhoruba iliua watu zaidi ya 40 eneo hilo.

MASWALI

– Mkuu, nikimeza acetazolamide, ile dawa ya ugonjwa wa mwinuko, si inatosha?
– Inausaidia mwili kuzoea, lakini haikupi ruhusa ya kukimbilia juu. Vidole vitachonyota na mkojo utazidi. Mwenye mzio wa dawa za salfa aanze kwa daktari.

– Mimi nakimbia marathoni, nipunguze siku?
– Usithubutu. Mazoezi hayakingi ugonjwa huu. Wenye pumzi ndio huwahi kufika juu mwili haujazoea.

– Naweza kwenda peke yangu?
– Tangu Aprili 2023 kanuni za Nepal zinamtaka mgeni awe na mwongozaji mwenye leseni. Kibali cha hifadhi ya Annapurna nacho kiwe mfukoni, kuna vituo vya ukaguzi njiani.