Tairi la mbele linaliwa upande mmoja: lisome kabla ya kukimbilia alaimenti

Gari likianza kula matairi ya mbele, ushauri wa kwanza utakaousikia ni "peleka alaimenti", yaani magurudumu yakapimwe na kunyooshwa. Mara nyingi ushauri huo unawahi mno. Mashine ya alaimenti hupima jinsi magurudumu yalivyokaa dakika ile tu. Kama boljointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu) imelegea au bushi (mpira wa kwenye maungio) imechanika, vipimo vitatoka vizuri gereji na vitakuwa vimeharibika kabla hujafika nyumbani. Tairi lenyewe ndilo linaloonyesha ubaya uko wapi, na kulisoma kunataka kipimo cha kina cha kashata (vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara), tochi, jeki, stendi na mtaimbo mfupi. Maelezo haya yanahusu magari madogo yanayovuta kwa mbele, yenye shokapu iliyobebana na springi, kama Vitz, IST na Corolla nyingi.

Anza na upepo, tairi likiwa limepoa. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kPa: 220 ni karibu psi 32, na 230 ni karibu psi 33. Tairi lililoliwa kingo zote mbili huku katikati pamesimama limekuwa likitembea na upepo mdogo. Lililoliwa katikati tu limejazwa kupita kiasi. Ukikuta hivyo, huna haja ya kutambaa chini ya gari.

Sasa kata usukani hadi mwisho ili uone upande wa ndani. Hapo ndipo wengi hushtuka: nje kashata zimejaa, ndani nyuzi za chuma zimeshatokeza. Pima kina mahali patatu, yaani ndani, katikati na nje, kisha rudia sehemu nne kulizunguka tairi, na uandike. Tairi jipya la gari dogo huwa na milimita 7 hadi 8, na vile vituta vidogo ndani ya mifereji huonyesha milimita 1.6. Tofauti ya milimita 2 kati ya ukingo mmoja na mwingine si ya kupuuzwa.

Baada ya macho, tumia mkono, lakini hakikisha kwanza hakuna waya uliotokeza. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Kama kwenda ndani ni laini na kurudi nje kunakwaruza, magurudumu yamebanana kwa mbele, kama miguu ya mtu anayetembea vidole vikitazamana. Ikiwa laini ni kwenda nje, yamepanuka kwa mbele. Makali hayo ya msumeno ni alama ya tou, yaani huko kubanana au kupanuka kwa magurudumu kwa mbele, na tou ndiyo inayomaliza tairi haraka kuliko yote, kwa sababu tairi huburutwa kwa ubavu kila mita unayokwenda. Kama ukingo mmoja umeisha lakini kiganja hakikwaruzwi popote, shuku kemba, yaani gurudumu limelala. Mabonde na vilima vinavyopokezana kuzunguka tairi ni dalili ya shokapu iliyokufa, beringi iliyolegea au balansi mbovu.

Linganisha kulia na kushoto. Matairi yote mawili yakiliwa sawa upande wa ndani, fikiria tou iliyopanuka, bushi zilizochoka pande zote au springi zilizokatwa ili gari lishuke. Likiliwa moja tu, tafuta kitu kilichopinda au kulegea upande huo. Shimo moja la barabarani linatosha kupinda shokapu au wishiboni, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu. Pima kwa futi ya kupimia nafasi kati ya tairi na bodi, mbele na nyuma ya gurudumu, pande zote mbili. Gurudumu moja likiwa limerudi nyuma sentimita moja kuliko mwenzake, wishiboni au bushi yake ya nyuma ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Waliopandisha gari kwa spesa (vipande vya kuliinua) nao wajue kwamba tou na kemba hubadilika siku ileile, hata kama usukani umebaki umenyooka.

Piga jeki na uweke stendi. Usifanye kazi hii gari likining'inia kwenye jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukipotea, ni beringi; ukibaki, ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa hapa huwa ni wa tairodi endi au raki endi, yaani viungo vya fimbo za usukani. Mwenzako atikise huku wewe umeshika kiungo cha tairodi kwa vidole. Kilicholegea utakisikia kikigonga. Mwishowe ingiza mtaimbo kwenye bushi ya nyuma ya wishiboni na uisukume. Mpira uliochanika hufunguka kama mdomo. Bushi hiyo ni mwizi wa kimya: gari likisimama gurudumu linarudi mahali pake, ukikanyaga breki linasogea na tou inabadilika, kwa hiyo mashine haitaiona.

Badilisha kilichochoka ndipo uende kwenye vipimo. Tou unaweza kuipima mwenyewe. Simamisha gari mahali tambarare, usukani umenyooka. Weka alama ya chaki katikati ya kashata za kila tairi kwa mbele, juu kadiri futi inavyoweza kupita bila kugusa kitu, na upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele, usirudishe nyuma, hadi alama zifike upande wa nyuma kwa urefu uleule, na upime tena. Toa kipimo cha mbele kwenye cha nyuma. Magari mengi ya aina hii hutaka kati ya sifuri na milimita 2 hivi. Thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Ukipata milimita 6, umeshajua matairi yameenda wapi.

Kwenye kurekebisha, tairodi za pande zote mbili huzungushwa kiasi sawa, la sivyo usukani utakaa upande. Robo ya mzunguko tu huweza kuhamisha karibu milimita 2, basi usizungushe kwa hasira. Kemba kwa kawaida haina pa kurekebishia kwenye magari haya, isipokuwa ule mchezo mdogo wa bolti mbili zinazofunga shokapu kwenye nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu. Fundi akikuambia ameirekebisha, muulize kwa bolti ipi. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, na magurudumu ya nyuma yapimwe pia, maana ekseli ya nyuma iliyopinda hufanya gari litembee kimshazari.

Tairi lililokwisha kuliwa vibaya litaendelea kuvuma hata baada ya matengenezo, kwa hiyo usihukumu kazi kwa sikio. Rudi na kipimo chako baada ya kilomita 1,000, pima palepale ulipoandika mwanzo, na uone kama tofauti kati ya kingo imeacha kukua.