Feni ndogo ya kuchaji: usinunue namba ya kwenye boksi

Jamani joto la Dar kuanzia Desemba mpaka Machi wote tunalijua, digrii 32, 33 kivulini na unyevu wa bahari juu yake, umekaa tu hujafanya kitu jasho linachuruzika, sasa umeme ukatike saa nne usiku pangaboi lisimame taratibu mnaliangalia... Msimu uliopita mwanangu alikuwa na miezi nane, mgongo mzima harara, nilimpepea na kipande cha boksi mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikakimbilia Kariakoo nikabeba feni ya kwanza kuiona, elfu 15, boksi limeandikwa 10000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) na muuzaji ananiambia dada hii usiku mzima inakaa na chaji. Ilikaa lisaa limoja na nusu. Ndo maana naandika hii, nisingependa mama mwingine ayapate yale.

Kabla hujatoka nyumbani jiulize utaitumia wapi hasa, maana hakuna feni moja ya kila kitu. Ya kushika mkononi ni ya kwenye daladala na foleni za hospitali, nyepesi, inakaa kwenye pochi, ila kulala nayo huwezi. Ya kuvaa shingoni inakuachia mikono, nzuri kwa anayepika au anayekaa kwenye kibanda kutwa, ila ukiwa na nywele ndefu au rasta angalia isiwe ile ya mapanga ya wazi. Ya kubana, ile yenye kibanio kama cha nguo ila kikubwa, ndo ya kitandani na mimi ndo naipendelea kuliko zote, nitaeleza kwa nini.

Sasa betri, hapa ndo pesa yako inapopotelea. Feni nyingi ndogo zina seli ya lithiamu ya mviringo inaitwa 18650, jina limetokana na vipimo vyake, upana milimita 18 na urefu milimita 65, ni ile ile ya kwenye tochi nyingi za kuchaji. Seli moja ya saizi hiyo hata iwe nzuri vipi inaishia kwenye 3500 mAh hivi, za kawaida ni 2000 hadi 2500. Kwaiyo ukishika feni ya mkononi yenye seli moja ya hivyo af boksi linasema 10000, weka chini tembea. Seli moja ina gramu 45 hivi, feni inayodai ina seli tatu au nne lazima uisikie uzito mkononi, ikiwa nyepesi kama kiberiti kuna kitu hakipo humo ndani.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Chukua mAh zidisha kwa 3.7 (ndo volti ya seli ya lithiamu) gawanya kwa 1000, unapata wati ambazo betri inaweza kutoa kwa lisaa limoja. Mfano 2000 inakupa 7.4. Feni ikiwa inakula wati 3 kwenye spidi ya juu hapo una masaa mawili na kitu, ukiishusha ikala wati 1 unapata sita au saba. Ndo maana wauzaji wakisema "inakaa masaa nane" mara nyingi wanaongelea spidi ya chini kabisa, muulize bosi hiyo nane ni ya namba ngapi? Asipojua, mwambie aiwashe namba ya juu uone kwanza upepo wenyewe.

Na kuiona inafanya kazi dukani ni lazima, usikubali boksi lililofungwa kwa nailoni eti litachakaa. Iwashe, inyooshe umbali wa mkono, upepo ukifika usoni vizuri sawa, usipofika usitegemee kitandani. Weka sikio karibu, ikigonga au kulia kama nyuki ikiwa mpya usiku itakuwa kelele mara mbili. Alafu hili watu wengi hawalijui: chomeka waya wa chaji uone kama inaendelea kuzunguka. Kuna feni ukizichomeka zinazima, na kuna zinazoendelea, chukua inayoendelea, maana hiyo ukiiunganisha na pawabenki ya 10000 ya kweli unapata kama masaa nane ya upepo wa nguvu juu ya betri yake mwenyewe. Usiku wa mgao unaisha mnalala. Tundu la chaji liwe taipu C, yale ya zamani yanalegea mapema. Ikiwa betri inafunguka kwa kifuniko bora zaidi, siku ikifa unabadilisha seli, hutupi feni nzima.

Zile kubwa za mezani zenye taa, nyingi zina betri ya asidi, nzito. Upepo wake mzuri sana ila betri ile ikiachwa bila chaji wiki nyingi inakufa jumla, sio ya kuweka juu ya kabati ukisubiri mgao.

Kuna na zile za kurusha ukungu wa maji. Kwa sisi wa pwani sishauri. Feni haipoozi hewa, inakausha jasho na jasho likikauka ndo mwili unapoa, sasa hewa yetu imeshajaa maji unaongeza maji ya nini? Dodoma kwenye hewa kavu ukungu unasaidia, Tanga na Dar utalowana tu.

Kwa nini ya kubana: chandarua. Feni ikiwa nje ya neti upepo mwingi unaishia kwenye vitundu, unaofika ndani ni wa kubahatisha, na watu wanafunua neti ili wapate upepo, malaria inaingia hapo hapo. Ya kubana unaiweka ndani ya neti kwenye nguzo ya miguuni, spidi namba moja inatosha familia. Kama kuna mtoto jaribu kidole chako kidogo kwenye wavu wa feni, kikipita cha mtoto kitapita pia, na iwe mbali asiifikie.

Chaji fanya mchana, kwenye sakafu au meza, sio juu ya godoro wala chini ya mto. Betri ikivimba au feni ikiwa ya moto sana wakati wa kuchaji, chomoa, usiitoboe, usijaribu tena kuichaji. Kila wiki mbili safisha mapanga na brashi kavu, vumbi likijaa mota inakula chaji zaidi. Na kipupwe kikiingia mwezi wa sita usiifungie kabatini ikiwa imeisha kabisa, iache na chaji nusu, kila miezi miwili mitatu ichungulie uiongeze kidogo, Desemba utaikuta nzima.