Namna ya kutoa Neno kwenye redio ya watu wote, na kupokea yanayorudi

Redio ya kanisa mtu huifungua mwenyewe. Redio ya kawaida, hii ya muziki, mpira na matangazo ya sabuni, humkuta mtu saluni, gengeni au kwenye daladala. Hakukuchagua. Kwa miaka sita nimekuwa nikitoa Neno la asubuhi kwenye kituo kimoja cha namna hiyo hapa Dar es Salaam, dakika tatu kila Jumamosi. Vijana wa usharika wakija kuniuliza waanzie wapi, naanzia kwa huyo asiyekuchagua.

Nilikuwa nikilijua hilo kwa mdomo tu. Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Kipindi tunakirekodi Alhamisi jioni, kwa hiyo Jumamosi niko huru. Jumamosi moja nikapanda gari la Kariakoo kwenda kununua zipu na uzi. Tumebanana, konda kaongeza sauti ya redio, mara naisikia sauti yangu. Wiki ile nilikuwa nimesema kwamba wasiomjua Kristo wanatembea gizani, na nilikuwa nimeisema kwa ukali niliouona kuwa ushujaa. Dada mmoja nyuma yangu akaitikia "Amina!" kwa nguvu. Mbele yangu alikaa mzee wa kanzu na baraghashia, kikapu mapajani. Akamgeukia kijana wa pembeni yake, bila hasira yoyote: "Huyu mama sauti anayo. Lakini mbona anatugombeza asubuhi asubuhi?"

Sikusema kitu. Nilishuka Kariakoo nikasahau zipu, nikarudi na uzi tu.

Tangu hapo sipeleki maneno studio kabla sijamsomea mtu asiye wa dini yangu. Nawe fanya hivyo. Mtafute mmoja anayekufahamu na asiyeona haya kukwambia ukweli. Wangu ni mama mwenye genge jirani na kibanda changu, Mwislamu, mtu wa Rufiji. Namsomea kwa sauti, yeye anachambua mchicha. Namuuliza mawili tu: umeelewa nini, na wapi nimekukwaza? Usimwombe akusahihishie imani. Hiyo si kazi yake. Siku niliyomsomea Yohana 13, Yesu alipowaosha wanafunzi miguu, alinikatiza: "Hapo umepita mbio. Maji kayatoa wapi? Kafutia nini?" Nikaona aibu, maana beseni na kitambaa alichojifunga kiunoni vimo kwenye Injili. Mimi ndiye niliyeviruka ili niwahi kufika kwenye mafundisho.

Kumsomea huku si kumficha Yesu. Namtaja kwa jina, na nasema ni Mwana wa Mungu kwa kuwa ndivyo ninavyoamini. Waislamu wanamheshimu kama Nabii Isa, na sura ya 19 ya Kurani imepewa jina la mama yake, Mariamu. Hata hivyo sisemi kwamba tunaamini kitu kimoja, kwa sababu sivyo, na msikilizaji anajua sivyo. Nilichoacha ni kumwambia mtu asiyenijua kwamba yeye ni nani. "Nilikuwa gizani" ni ushuhuda wangu. "Mko gizani" ni hukumu, na aliyekaa kwenye kiti cha daladala hana mahali pa kunijibu.

Salamu nayo ifikirie. "Bwana Yesu asifiwe" inaitikiwa na wengi, Mkatoliki amezoea "Tumsifu Yesu Kristo", na wapo wasio na la kuitikia. Mimi naanza na "habari za asubuhi", kisha naingia. Tazama pia kalenda: mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza zikipishana siku chache tu. Majira kama hayo zungumzia mfungo wako, usiupime na wa jirani. Na mkuu wa vipindi akikuomba karatasi mapema, mpe bila kununa. Ukivuka mpaka, kituo ndicho kitakachojieleza TCRA, mamlaka inayosimamia utangazaji.

Sasa yanayorudi.

Ujumbe utaingia kwenye simu ya kituo. Omba usomewe wote, si ule wa "ubarikiwe mtumishi" peke yake. Mimi nanakili kwenye kaunta buku, tarehe pembeni. Pongezi naziandika kwa ufupi kwa sababu hazinifundishi mengi. Matusi naandika "tusi", basi, hayajibiwi. Anayeuliza swali la kweli namjibu. Aliyeumia ndiye ninayekaa naye zaidi, nikiutafuta mstari wenyewe uliomchoma. Mara nyingine namkuta ana haki. Mara nyingine aliyemuumiza ni Injili yenyewe, na hapo sifuti neno, ila namwambia kwa upole kwamba nimemsikia.

Jiandae pia kwa Wakristo wenzako. Nilipobadilisha namna ya kusema, maneno makali kuliko yote yalitoka kwa walokole wenzangu: umelainisha Injili, unawaogopa wanadamu. Yaliniliza. Baadaye nikaona kwamba hata wakubwa hawaponi. Februari 2024 huko Marekani, kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, kampeni ya kumtangaza Yesu inayoitwa He Gets Us ("Anatuelewa") ilirusha tangazo la dakika moja lenye picha za watu wanaotofautiana wakioshana miguu. Nafasi ya sekunde 30 kwenye mchezo ule iliripotiwa kugharimu takriban dola milioni 7. Wapo waliolia kwa kuguswa. Wapo waliosema fedha hizo zingewafaa maskini. Wengine wakahoji matajiri wanaoifadhili wana lengo gani. Na Wakristo wengi wakakasirika kwamba toba haikutajwa. Ni miguu ileile ya Yohana 13, lakini kila mmoja aliiona kutokea alipokaa.

Kwa hiyo usipime ujumbe wako kwa wingi wa makofi wala wa lawama. Pima kama ulisema kweli, na kama uliisema kwa namna ambayo ungependa kuambiwa.

Kosa nisilokusamehe ni kujibizana hewani. Miji yetu iliwahi kuwa na mihadhara ya viwanjani, Biblia na Kurani zikishindanishwa kwa vipaza sauti, na waliokuwapo wanakumbuka watu walivyorudi nyumbani na vifundo moyoni. Sisi wa upande huu tunaikumbuka zaidi Oktoba 2012 pale Mbagala: ubishi wa watoto juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kushambuliwa, mengine yakachomwa moto. Ukiwa na kipaza sauti mbele yako, jua uzito wake. Mtangazaji akikuchokoza, "mama, hapa kuna mmoja anasema Biblia yenu imebadilishwa, unamjibuje?", sema utampigia nje ya kipindi, kisha mpigie kweli. Na usijibu siku hiyohiyo ukiwa umeudhika, lala kwanza.

Kuna aina moja tu ya ujumbe usioulalia. Mwaka jana uliingia mmoja: "Mama, mimi si wa dini yako ila nakusikiliza kila wiki. Mwanangu yuko wodini. Mwombee." Hakuandika jina. Kijana wa studio alitaka tuusome hewani, kwamba ungewagusa watu. Nilikataa, nikaomba namba. Ujumbe wa namna hiyo ni wa mtu mmoja aliyekufungulia mlango, na ukiusoma hewani umemwanika. Mpigie, muulize kama anapenda uende, na akikubali nenda siku hiyohiyo. Mimi natenga nauli kila mwezi kwenye kopo la vifungo, ili pasiwe na sababu ya kuchelewa.