Kulala Katika Kambi ya Kifahari Tsavo Mashariki: Mwongozo kwa Mkaazi wa Malindi

Hakuna mkaazi wa Malindi asiyeujua Mto Sabaki, kwani ndio unaoitia bahari yetu wekundu nyakati za mvua. Lakini si wengi miongoni mwetu waliowahi kukaa kwenye baraza ya kambi, kikombe cha chai mkononi, wakautazama mto huo huo ukipita kwa jina lake la bara, Galana, huku kundi la ndovu likiuvuka. Geti la Sala, ambalo ndilo mlango wetu wa kuingilia Mbuga ya Tsavo Mashariki, liko takriban kilomita 110 kutoka mjini, na hata hivyo wanaozijaza kambi za kifahari za huko ni wageni waliovuka bahari. Sababu moja ni bei, nami sitaificha: ni ghali. Sababu ya pili ni kwamba wengi wetu hatujui mambo ya huko yanavyokwenda, tukaona haya kuuliza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya sababu ya pili, ingawa atakayeufuata huenda akapunguziwa na ile ya kwanza.

Jambo la kwanza la kuamua ni mahali, wala si sura ya chumba. Picha za kitanda chenye chandarua cheupe na beseni la kuogea linaloangalia mto zinafanana kila kambi, na hazikuambii kitu. Tsavo Mashariki, iliyotengwa kuwa mbuga mwaka 1948, ina ukubwa wa kilomita za mraba 11,747, na kambi iliyo karibu na Voi na kambi iliyo ukingoni mwa Galana zinakupa safari mbili tofauti kabisa. Upande wa Voi na bwawa la Aruba ni tambarare iliyo wazi, ambapo wanyama huonekana kwa mbali na magari ni mengi. Upande wa Galana kuna mikoma iliyopanga mstari ukingoni, ile ile ambayo miyaa yake husukiwa mikeka na vikapu, na huko mamba, viboko na kuro huonekana bila kutafutwa sana, na unaweza kupita saa nzima bila kukutana na gari jingine. Kwa mtu anayelipia utulivu, mimi ningechagua mto.

Uliza pia iwapo kambi iko ndani ya mbuga ya taifa au katika ardhi ya binafsi iliyopakana nayo, kwa sababu sheria zake si moja. Ndani ya mbuga, gari haliruhusiwi kuacha njia, matembezi ya usiku kwa gari hayaruhusiwi, na huwezi kushuka ukatembea kwa miguu ila mahali palipotajwa au ukiwa na askari wa mbuga. Katika hifadhi za binafsi na za jamii, mengi ya hayo hufanyika chini ya uangalizi wa mwenyeji. Upande wa pili wa mizani ni kwamba ukilala nje ya mbuga huenda ukalazimika kulipa kiingilio upya kila unapoingia, na hesabu hiyo haimo katika bei uliyotajiwa.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Septemba, na Januari na Februari, ndiyo mikavu, na wanyama hukusanyika mtoni na kwenye mabwawa kwa sababu hawana pengine pa kunywa. Masika ya Aprili na Mei hushusha bei katika kambi nyingi, na baadhi hufunga kabisa; majani huwa marefu na njia huwa na matope, lakini vumbi hakuna na mbuga hupendeza macho. Sikukuu za Pasaka na Krismasi huwa na nyongeza ya bei, kwa hiyo familia inayofuata likizo za shule itafute wiki ya mwanzo ya Agosti au ya Desemba kabla umati haujaingia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo roho ya mwongozo huu: kabla hujatuma hata shilingi moja, uliza kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi. Nalisema hili kwa kuungulika. Safari yangu ya kwanza niliambiwa kwa simu kwamba “kila kitu kimo”, nikaridhika, nami nikaja kuletewa hesabu siku ya kuondoka yenye maji ya chupa, matembezi mawili ya gari na ada ya huduma, na hoja yangu ikawa haina mashiko kwa sababu sikuwa na karatasi. Tangu hapo nauliza mambo haya, nami hakuna aliyewahi kunikasirikia. Je, bei ni ya mtu mmoja au ya hema? Je, imejumuisha milo yote mitatu, maji na vinywaji, na vinywaji gani? Je, matembezi ya gari ni mangapi kwa siku, na gari ni la pamoja na wageni wengine au ni letu peke yetu? Je, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zimo? Je, kiingilio cha mbuga kimo? Je, anayelala peke yake hutozwa nyongeza? Na la muhimu kuliko yote kwa Mkenya: je, mna bei ya wakaazi? Kambi nyingi zina orodha mbili, moja ya dola na moja ya shilingi, na tofauti yake si ndogo. Lakini asiyeuliza hutajiwa ile ya kwanza, hasa akiandika barua yake kwa Kiingereza kizuri.

Kuna swali moja zaidi ambalo watu hulisahau nalo ni la maana kuliko beseni la kuogea: ni nani atakayetuongoza? Chama cha waongozaji safari wataalamu wa Kenya huwatahini waongozaji na kuwapa daraja la shaba, fedha au dhahabu. Dereva asiyejua hukupeleka mahali redio ilipomwambia kwamba simba ameonekana. Mwongozaji hukusimamishia gari penye unyayo tu, akakueleza ni wa nani, alipita lini na alikuwa akielekea wapi. Kambi yenye waongozaji wa daraja la fedha itakutajia hilo kwa fahari.

Arubuni ilipwe kwa akaunti au nambari ya malipo yenye jina la kampuni, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi, hata awe mpole namna gani. Kila nyumba ya wageni nchini hutakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na si utovu wa adabu kuomba kuonyeshwa. Pata pia masharti ya kuahirisha safari, ujue ni siku ngapi kabla ya kufika ambapo arubuni inakuwa imekwenda na maji.

Kwa jamaa wengi wanaosafiri pamoja, ninapendekeza kukodi kambi nzima. Kambi ndogo za mahema sita au manane hukubali jambo hilo hasa nje ya msimu, na ukigawa bei kwa familia tatu au nne utastaajabu kuwa haipishani sana na vyumba vya kawaida. Faida yake kwa watu wa pwani ni kubwa: mpishi hupika mnavyotaka, kina mama huwa na faragha yao kwenye bwawa la kuogelea, pombe haiwekwi mezani ikiwa hamkuiomba, na ratiba hufuata swala zenu badala ya ninyi kuifuata ratiba. Jikoni yenyewe msiiache kwa kudhania. Nyama nyingi hununuliwa mijini kwenye bucha zinazochinja kihalali, lakini hakikisha kwa kuuliza, na muombe vyombo vya nguruwe vitengwe. Kuhusu kibla hakuna shida yoyote, kwani Tsavo na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, na ukielekea kaskazini umeelekea. Ila watoto wadogo waulizieni mapema: baadhi ya kambi hazipokei walio chini ya miaka mitano au sita kwa sababu hazina uzio.

Kiingilio cha mbuga hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa njia ya mtandao wa eCitizen, nako getini fedha taslimu hazipokelewi. Lipa ukiwa Malindi ambako mtandao una nguvu, na uchukue kitambulisho cha taifa pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, la sivyo utatozwa kama mgeni. Mageti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Anayetoka Lamu anaweza kupanda ndege ndogo kutoka Manda, ambazo kwa kawaida huruhusu mzigo wa kilo 15 katika mkoba laini usio na magurudumu, au aje kwa barabara hadi Malindi, alale, kisha aondoke alfajiri pamoja nasi.

Mzigo uwe mwepesi. Nguo za rangi ya khaki, kijani kilichofifia au kahawia ndizo zinazofaa, na nyeusi na buluu iliyokoza ziachwe nyumbani, kwani huvutia mbung'o. Mitego yao hushonwa kwa rangi hizo hizo. Kanzu na dera vinafaa sana kambini, na jaketi ni lazima kwa gari la wazi asubuhi, hata kwa sisi tuliozoea joto. Beba darubini yako, kwa maana kugawana moja kati ya watu sita ni kero. Beba tochi, dawa zako, na uzungumze na daktari kuhusu kinga ya malaria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi kuingia mbugani, kwa hiyo chukua chupa ya chuma. Ndege zisizo na rubani zisibebwe bila kibali. Chakula kisiwekwe hemani kabisa: mahamri ya mke wangu, yaliyofungwa vizuri ndani ya kikapu, yaliliwa na tumbili aliyefungua zipu kwa ustadi kuliko mimi.

Mkifika mtapewa kitambaa chenye unyevu cha kupangusa vumbi na kinywaji baridi, kisha mtaelezwa kanuni. Zisikilizeni. Usiku hutoki hemani peke yako. Unapiga filimbi au kumulika tochi, na askari wa zamu huja kukusindikiza. Hii si mbwembwe za kifahari. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya ndovu 14,000 katika eneo zima la Tsavo, na wengine hupenda kula matunda ya mikoma iliyo baina ya mahema. (Nasema ndovu kwa makusudi, kwetu Malindi tembo ni pombe ya mnazi, na ukisema umekutana na tembo usiku, watakuuliza mnazi ni wa nani.) Ukimsikia nje akipasua matawi, kaa kimya, usiwashe taa, wala usifungue zipu ili upige picha. Umeme mara nyingi ni wa jua, hivyo kikausha nywele hakifai, na maji ya moto ya kuogea huenda yakaletwa kwa ndoo na kutundikwa juu, ukiomba dakika chache kabla.

Matembezi ya asubuhi huanza saa kumi na mbili, yaani baada ya swala ya alfajiri kwa utulivu, na ya jioni huanza kama saa kumi. Usiyakose ya asubuhi kwa ajili ya usingizi. Kufikia saa nne jua limekuwa kali na simba wamelala vichakani. Simba dume wa Tsavo wengi hawana manyoya mengi shingoni, kwa hiyo usiharakishe kusema ni jike. Mwambieni mwongozaji mapema mnachotaka kuona, na msitake simba tu: swala twiga akisimama kwa miguu miwili kula majani, au choroa na pembe zake zilizonyooka kama mikuki, ni vitu ambavyo wageni wa Maasai Mara hawavipati. Msimhimize dereva akimbize gari kupita kilomita 40 kwa saa, wala msimwombe asogee karibu na ndovu mwenye ndama. Kwenye Maporomoko ya Lugard, ambapo Galana hubanwa na miamba iliyochongwa na maji, mtaruhusiwa kushuka. Mawe yale huteleza na mamba wako chini, basi watoto washikwe mikono.

Bakshishi si ya lazima, lakini ni desturi. Kambi nyingi zina kisanduku cha pamoja cha wafanyakazi wa jikoni, wafuaji na askari, nacho hutiwa siku ya mwisho, ilhali mwongozaji hupewa mkononi. Beba noti ndogo ndogo, maana M-Pesa hutegemea mtandao, na mtandao huko huja na kuondoka. Muulize meneja kiwango cha kawaida kwa mgeni mkaazi; wafanyakazi wengi hutoka Taita na vijiji vya Wagiriama na Wawata vilivyo kando ya mbuga, na kuwasalimia kwa lugha wanayoijua huwafungua zaidi ya noti.

Siku ya kuondoka, iombe hesabu yako usiku wa kuamkia, uilinganishe na ile barua ya majibu ungali na nafasi ya kuzungumza. Kisha tazama saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya mbuga, kwa kuwa tiketi huhesabiwa saa 24 tangu kuingia, na ukizidisha utalipa tena getini. Ikiwa uliingia Sala saa tatu asubuhi, panga safari ya kutoka kambini kwa namna ya kukufikisha getini kabla ya saa tatu, ukiacha muda wa ziada wa nusu saa kwa ajili ya ndovu atakayesimama katikati ya njia, kwani yeye hapigiwi honi.