Kabla hujashuka Pangani kumfuata kolekole

Wadau wa Moshi na Arusha mnaopanga kushuka pwani kuvua kolekole, naomba nianze na mto kwanza. Kikuletwa inateremka na maji ya Meru, Ruvu inakuja na maji ya upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, zinakutana pale Nyumba ya Mungu tunapovua perege, na kuanzia hapo ndo Mto Pangani huo mpaka baharini. Sasa sehemu kama ile mto unapoingia bahari, kwenye mikoko na maji ambayo si chumvi kamili si baridi kamili, ndo vitoto vya kolekole vinakulia, vinatembea kwa makundi, vikishakua vinahamia kwenye miamba na matumbawe huko nje na wengi wanaanza kuwinda peke yao. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujiandaa ni kumjua samaki mwenyewe, rodi, yaani fimbo ya kuvulia, itafuata.

Nazungumzia yule kolekole mkubwa kabisa, wataalam wanamwita Caranx ignobilis. Anaweza kufika sentimita 170 na kilo 80 hivi, na rekodi ya dunia ya kuvuliwa kwa rodi ni kilo 72.8, ilipatikana Japani mwaka 2006. Anakula samaki wenzake, pweza, ngisi, kaa, kamba kochi, na huko Ushelisheli wameshapigwa picha wakiruka kudaka ndege wa baharini wanaopita juu ya maji, yaani ndege anaruka na samaki anamfuata hewani! Lakini cha kushika kichwani ni hiki: anaanza kuzaa akishafika kama sentimita 60, umri wa miaka 3 au 4. Ukivuta wa sentimita 40 pale mlangoni mwa mto huyo bado mtoto, na ukivuta yule jitu la nje kwenye mwamba huyo ndo mzazi wenyewe. Mimi msimamo wangu ni kwamba wote wawili warudi majini, na maandalizi yote ninayoyasema hapa yanaelekea huko.

Tarehe ya safari usiichague kwa kalenda ya ofisi, ichague kwa mwezi wa angani na upepo. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, mkondo unakuwa na nguvu, na kolekole anapenda kukaa pale mkondo unapogonga ukingo wa mwamba maana samaki wadogo wanaletwa mdomoni. Katikati ya hapo kuna maji mafu, mkondo unalegea na uvuvi mara nyingi unalegea nao. Alafu upepo: miezi ya kusi kali, Juni mpaka Agosti hivi, bahari inachafuka, boti ndogo inakutesa bure. Kaskazi ikianza kuisha, Februari kwenda Machi, kwa kawaida panatulia. Mpigie nahodha kabla hujalipa chochote, muulize maji yanajaa saa ngapi siku hizo, maana milango ya mito ina mafungu ya mchanga na boti haitoki wala kuingia muda wowote unaotaka wewe. Nahodha mzee wa pale akikwambia leo hatutoki, shikamoo, unakaa.

Vibali navyo uvimalize mapema. Nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize leseni ya kuvua kwa ajili ya michezo, na muulize nahodha boti yake imesajiliwa na ina jaketi za kuokolea za watu wote mtakaopanda. Kisiwa cha Maziwe, lile fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, ni eneo tengefu, hapo mnaenda kuogelea na kuangalia samaki, kuvua hapana. Wapo watu wanaoambiwa "pale pembeni hakuna shida". Kataa.

Kuhusu vifaa, hapa ndo watu wengi wanakosea kwa kufikiri uzi mwembamba ni uungwana kwa samaki. Kolekole akishika anapiga mbizi moja kwa moja kwenye matumbawe, uzi mwembamba utakatika na atabaki na chambo mdomoni, au utamchosha nusu saa nzima mpaka hata ukimwachia hana nguvu na papa anammaliza. Kwa wale wakubwa chukua uzi wa kusuka wa paundi 80 mpaka 100, lida (kipande cha uzi cha mwisho kinachofungwa chambo) nene zaidi ya hapo, rili, yaani kile kifaa cha kukunjia uzi, yenye breki ya uhakika, na popa (chambo bandia kinachovutwa juu ya maji) au samaki wa bandia. Toa zile ndoano za matawi matatu uweke ndoano moja moja, na vijino vyake uvibane kwa plaizi mpaka vilale. Fanya kazi hii nyumbani mezani kwa utulivu, kwenye boti inayoyumba haifanyiki. Fundo la kuunganisha uzi na lida lijifunze hukuhuku mpaka ulifunge gizani, na nenda kiwanja cha mpira jioni urushe popa iliyotolewa ndoano, kwa sababu kurusha kitu cha gramu 120 asubuhi nzima kunachosha mabega kuliko mtu anavyodhani.

Rodi ndefu kwenye buti la basi inavunjika kirahisi. Nunua kipande cha bomba la plastiki kwa wauza vifaa vya ujenzi, kata kwa urefu wa rodi yako, ziba pande zote mbili, kutoka Moshi mpaka Tanga ni kama kilomita 350 na mizigo ya wenzako itakuwa juu yake.

Mwilini: kofia, miwani, shati la mikono mirefu, dawa ya kichefuchefu inayomezwa kabla ya kupanda boti, maji mengi. Sisi tumezoea ubaridi wa mlimani, joto la pwani lina unyevu na linakukausha bila kujijua. Glovu usiache, kolekole karibu na mkia ana magamba magumu yenye makali kama msumeno.

La mwisho mkubaliane kabla ya kutoka nani anashika samaki, nani anapiga picha. Samaki anabaki majini mpaka kamera iwe tayari, mikono inaloweshwa, anabebwa kwa ulalo mkono mmoja chini ya tumbo, asining'inizwe kwa taya wala mashavu maana uzito wake wote unaumiza viungo vya ndani, picha moja mbili, anarudishwa kichwa kikielekea mkondo mpaka ajivute mwenyewe. Na kwa anayetamani kumla yule mkubwa, ajue samaki wakubwa wa matumbawe wanaweza kubeba sumu inayoanzia kwenye viumbe vidogo sana vya jamii ya mwani na kupanda mpaka kwao, samaki mmoja akimla mwingine, haiondoki kwa kupika wala kugandisha, inaleta kutapika na ganzi na mtu anaweza kushika kitu cha baridi akahisi kinaunguza. Kitoweo mtapata cha kutosha sokoni asubuhi, changu na tasi wapo, mwulizeni mama wa pale awakaangie.