Kusafisha sauti umerekodia kwa keja (kompresa ngoja kwanza)

Kama unarekodia kwa keja hapa Nairobi shida unaijua, unasema neno moja boda imepita, jirani amefungulia redio, na chini ya hayo yote kuna ule mngurumo wa stima husikii mpaka uvae hedifoni. Wengi kitu ya kwanza wanakimbilia kompresa ndio sauti ijae, na hapo ndio wanaharibu, juu kompresa inashusha penye uliongea kwa nguvu alafu wewe unapandisha yote pamoja, so takataka ya chini nayo inapanda.

Maiki iwe karibu, upana wa kiganja hivi, imekaa upande kidogo ndio P na B zisiipige pumzi. Angalia mita, vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Ikigonga 0 vinakatwa bapa na hiyo hairudi vizuri hata ufanye nini. Rekodi kwa 44100 (vipimo vya sauti kwa sekunde), inabeba masafa, yaani unene na wembamba wa sauti, mpaka nusu yake, hetzi 22050 na sikio la mtu mwisho ni kama 20000. Alafu kabla uanze kuongea nyamaza sekunde tano, usisahau hii.

Ingia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure. Kwanza High-Pass Filter (filta inakata sauti nzito za chini), weka hetzi 80, mtetemo wa malori na wa meza unaisha. Stima yetu ni hetzi 50 kwa hivyo mngurumo unakaa 50, 100, 150, 200 hivyo hivyo, chagua zile sekunde za kimya ufungue Plot Spectrum (mchoro wa masafa) utaona miiba imesimama. Kila mwiba upige Notch Filter (inakata masafa moja tu) nyembamba, Q kama 30 (Q ikipanda filta inazidi kuwa nyembamba), ukiweka pana unakula sauti ya mwanaume maana inaanzia hapo hapo kwa 100 na kitu.

Sasa Noise Reduction. Chagua tena kile kimya, bonyeza Get Noise Profile ndio programu ijue kelele yako ikoje (hiyo ndio profile), rudi uchague rekodi yote. Hii kitu inakata sauti vipande vidogo sana, kila kipande inapima masafa yake, yale hayajashinda kelele za profile inayashusha. Ndio maana feni inatoka safi lakini boda haitoki, feni iko vile vile saa zote, boda inakuja na kuenda. Mimi sishushi kelele kupita desibeli 12, ukizidisha unasikika ka mtu anaongea ndani ya jerikeni.

Hapo sasa weka kompresa, 3 kwa 1 inatosha, yaani sauti ikipita kiwango kwa desibeli 3 inatoa 1 tu.

Lakini hizi namba ni za kuongea, si muziki. Waya mnene wa gita la besi uko hetzi 41, hiyo filta ya 80 itaumeza. Na kama kuna kayamba usiguse Noise Reduction kabisa, kayamba yenyewe ni shhh tupu na programu haijui ati hiyo ni ala.