Kreni za modeli: ununue nyingine, au vifaa vya kuikamilisha uliyo nayo?

Kabla ya kulinganisha bei, amua kwanza kreni yako itasimamaje kwenye rafu. Itakuwa imekunjwa kama iko safarini, miguu imefungwa na mkono umelala? Au itakuwa kazini, miguu imepanuliwa, uzito wa kusawazisha umepangwa nyuma na ndoano inaning'inia? Iliyo safarini haihitaji karibu chochote zaidi ya kilichomo kwenye boksi. Iliyo kazini bila vifaa vyake huonekana pungufu, hata iwe modeli ya daraja la juu kabisa.

Ushauri wetu ni huu: ukitaka kreni iliyo kazini, kamilisha uliyo nayo kwanza ndipo ununue ya pili. Uzito sahihi nyuma, ndoano inayolingana na mzigo na waya uliopitishwa ipasavyo huibadilisha modeli kuliko kuiwekea jirani wa rangi nyingine. Isipokuwa pale ambapo kreni uliyo nayo haiwezi kubeba vifaa unavyovitaka, na hilo utalijua kwa kupima.

Skeli na nafasi

Wakusanyaji wengi wa mitambo ya ujenzi hutumia skeli ya 1:50, yaani modeli ni ndogo mara 50 kuliko kreni halisi, nayo ndiyo ya watengenezaji kama NZG na Conrad wa Ujerumani, WSI na IMC wa Uholanzi. Skeli ya 1:87 ni ya ulimwengu wa treni za modeli. Huko utakutana na Herpa, na Kibri ambao vipande vyao vya plastiki unaviunganisha mwenyewe. Usichanganye skeli mbili kwenye onyesho moja. Ngazi, milango na kioo cha dereva vitakuumbua mara moja.

Chukua urefu halisi, gawanya kwa skeli. Liebherr LTM 11200-9.1, kreni ya ekseli 9 yenye uwezo wa kuinua tani 1,200, ina mkono wa kuchomoza, ule wa vipande vinavyotoka kimoja ndani ya kingine, unaofika mita 100. Kwa 1:50 hizo ni mita 2 kamili. Kwa 1:87 ni takriban mita 1.15. Kama nafasi kati ya rafu mbili ni sentimita 40, mkono uliosimama kwa 1:50 utakuwa sawa na mita 20 tu za kweli. Pima na upana pia: miguu inayoenea mita 9 kwa 9 kwenye eneo la kazi inadai sentimita 18 kwa 18 mezani, bado hujaongeza sehemu ya nyuma inayozunguka na uzito wake.

Mkono wa kuchomoza au mkono wa kimia

Kreni ya mkono wa kuchomoza huja karibu kamili. Vya kuongeza ni vichache: uzito wa kusawazisha, ndoano za ukubwa tofauti, mkono wa nyongeza wa juu, na kwa kreni kubwa zile nguzo mbili za kuvuta zinazosimama juu ya mkono kwa umbo la herufi Y. Hii ndiyo ya kuanzia kama nafasi ni finyu, kwa sababu unaweza kuifupisha na kuirefusha bila kufungua skrubu hata moja.

Kreni ya mkono wa kimia, ule wa mabomba yaliyosukwa kama wavu, ni habari nyingine. Hapo vipande vya mkono ndivyo vifaa vyenyewe. Kreni ya minyororo, inayotembea kwa minyororo badala ya matairi, kama Liebherr LR 1750, ambayo ile halisi huinua hadi tani 750, inaweza kujengwa kwa mkono mfupi, kwa mkono mrefu, kwa mkono wa nyongeza unaopanda na kushuka, au kwa mnara wa nyuma wenye uzito wake wa pekee. Ukinunua modeli ya aina hii, uliza siku hiyo hiyo kama vipande vya ziada bado vinapatikana. Modeli hutengenezwa kwa mikupuo. Mkupuo ukiisha, vipande vya ziada huadimika, na ukisubiri utajikuta unanunua kreni nzima ya pili ili uchukue mkono wake tu.

Skeli kufanana haimaanishi vipande vitaingiliana. Hata kwa mtengenezaji mmoja, kreni mbili zinaweza kuwa na mikono ya upana tofauti, kama zilivyo zile halisi. Kabla ya kuagiza, shika kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na kipenyo, upime vitu vitatu kwenye kipande ulicho nacho: upana wa nje wa kipande, kipenyo cha tundu la pini, na nafasi iliyopo kati ya masikio mawili ya kuungia. Mwombe muuzaji vipimo hivyo hivyo. Tofauti ya nusu milimita kwenye upana unaweza kuivumilia. Kwenye tundu la pini huwezi, maana pini ikicheza, kila kiungo kitalegea kidogo na mkono mrefu utapinda kwenda upande mmoja.

Uzito wa kusawazisha: usidanganywe na umbo

Hapa ndipo vifaa vya ziada huwaangusha watu, na mara nyingine kreni yenyewe ndiyo huanguka.

Ukipunguza kitu mara 50 kwa urefu, upana na kimo, ujazo wake unapungua mara 125,000. Bamba la chuma la tani 10 likifanywa modeli ya chuma hicho hicho litakuwa na takriban gramu 80. Likimiminwa kwa aloi ya zinki, ambayo ndiyo mwili wa modeli nyingi za kukusanya, litakuwa na gramu 67 hivi. Lakini bamba hilo hilo likichapwa kwa rezini, aina ya plastiki, litakuwa na gramu 12 tu. Kwa macho ni kitu kilekile. Kwa mizani ni karibu moja ya sita.

Kwa kreni yenye mkono mfupi haina shida. Kwa mkono wa kimia wa mita moja uliotengenezwa kwa zinki, mabamba ya rezini hayatauzuia kuivuta kreni mbele. Kwa hiyo muulize muuzaji uzito kwa gramu, usiridhike na picha. Kama tayari una mabamba ya rezini, toboa tundu upande wa chini, jaza gololi ndogo za chuma, zifunge kwa gundi ya epoksi, kisha sawazisha kwa msasa na upake rangi. Risasi iache, kwa sababu ikifungiwa ndani na baadhi ya gundi na mbao huota kutu nyeupe inayofura na kupasua kifuniko.

Mpangilio wa kusimamisha ni lazima uwe huu. Panua miguu kwanza na ushushe vikanyagio, yaani sahani zilizo chini ya miguu, hadi matairi yaachane na meza kidogo tu. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila kikanyagio, kisha kivute. Kinapochomoka bila kukwama, mguu huo haubebi kitu, ukaze zaidi. Panga uzito wa kusawazisha wote. Ndipo ufunge mkono ukiwa umelala, na uuinue kwa kiganja huku ukizungusha ngoma ya uzi kufuata. Usiuache uzi uuinue mkono peke yake kutoka chini. Mkono uliolala ndio unaovuta kreni mbele kwa nguvu kubwa kuliko wakati wowote, na kadiri unavyosimama ndivyo mvuto huo unavyopungua. Modeli nyingi hupinduka katika digrii 20 za kwanza za kuinuka, au uzi hukatika na mkono kuangukia kibanda cha dereva.

Kwa kreni ya minyororo hakuna miguu ya kukaza, hivyo rafu yenyewe iwe sawa. Weka kipimamaji juu yake kabla ya kuanza.

Ndoano na uzi

Waya wa kuinulia wa kreni kubwa huwa na unene wa milimita 21 hadi 28 hivi. Kwa 1:50 hiyo ni milimita 0.42 hadi 0.56, na kwa 1:87 ni 0.24 hadi 0.32. Ukiwa na uzi wa kiwandani ulio mnene kupita hapo, au wenye manyoya, badilisha. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na tofauti yake inaonekana ukiwa mlangoni. Uzi wa kusukwa wa poliesta au uzi wa kuvulia samaki uliosukwa, wa kijivu au mweusi, ndio bora. Uzi wa nailoni wa mshipi mmoja hukumbuka umbo la gurudumu ulilotoka, hivyo utaning'inia ukiwa na mawimbi. Uzi wa pamba wa cherehani hutoa manyoya. Kama huna mwingine, upitishe kwenye nta ya nyuki.

Hesabu urefu kabla ya kukata. Ncha ya mkono ikiwa mita 1 juu, na ndoano inafika chini kwa mistari 6, yaani uzi unapita mara 6 kati ya ncha na ndoano, unahitaji mita 6 za mistari, mita moja ya kurudi kwenye ngoma, na mita moja ya akiba. Kata mita 8.

Idadi ya mistari ndiyo inayoamua uzi ufungwe wapi. Ikiwa shufwa, mwisho wa uzi hufungwa kwenye kichwa cha mkono; ikiwa witiri, hufungwa kwenye ndoano yenyewe. Ndoano yenye puli 5 ukiipitishia mistari 4 tu, tumia puli ya pili na ya nne. Ukitumia mbili za upande mmoja, ndoano italala upande. Usitie gundi kwenye fundo hadi uione ndoano imetulia sawasawa. Iache ining'inie usiku mmoja uzi ujifungue msokoto wake.

Ndoano isiposhuka unapolegeza ngoma, kosa si la ngoma. Msuguano kwenye puli umezidi uzito wa ndoano. Ndoano halisi ya tani 5 ingekuwa na gramu 40 kwa 1:50, lakini ya plastiki haifiki hata kumi. Punguza mistari, au nunua ndoano ya chuma. Tukipewa nafasi ya kununua kifaa kimoja tu, tungechukua ndoano nzito iliyochongwa vizuri, kwa sababu macho ya mtazamaji hufuata uzi na kuishia hapo.

Cha kununua na cha kutengeneza

Nunua vile usivyoweza kuvitengeneza kwa usahihi: vipande vya mkono, ndoano, mabamba ya uzito, na ngazi na reli za vibati vyembamba vya shaba. Vibati hivyo kata juu ya kioo au bamba gumu kwa kisu kipya. Ukikatia juu ya kitu laini vitapinda kabla havijaachana na fremu.

Mbao za kutandika chini ya miguu usinunue. Za kweli zenye mita 5 kwa mita 1, unene wa sentimita 20, kwa 1:50 ni milimita 100 kwa 20 kwa 4. Kata vijiti vya mti wenye nyuzi ndogo, vipake chai iliyokolea au rangi nyembamba ya kahawia. Mikanda ya kuinulia tengeneza kwa utepe mwembamba. Kwa mzigo, kontena la futi 20 lina urefu wa milimita 121, upana 49 na kimo 52, nalo linafaa kwa sababu kila mtu anajua ukubwa wake. Liwe tupu na jepesi.

Sehemu za rezini zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kupaka rangi, la sivyo rangi itabanduka. Supaglu inafaa kwa rezini na shaba, lakini usiikaribishe kwenye vioo vya kibanda cha dereva: mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao. Skrubu inayoingia kwenye zinki irudishe kwanza kinyume hadi uisikie ikidondokea kwenye njia yake, ndipo ukaze kwa vidole viwili. Njia ya skrubu kwenye zinki ikishaharibika, kuitengeneza ni kazi kubwa.

Angalia rangi pia. Njano ya mkupuo mmoja inaweza kupishana na ya mwingine, na mabamba ya njano ya kiwandani hayatakaa vizuri nyuma ya kreni nyekundu ya Mammoet, kampuni ya kuinua mizigo mizito. Omba picha iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana.

Ukinunua iliyotumika

Mwombe muuzaji picha tatu: mkono ukiwa umeinuliwa, upande wa chini wa gari, na boksi likiwa wazi na vifuko vyote vya vipande vidogo. Hesabu pini, vioo vya pembeni na mabamba ukilinganisha na karatasi ya maelekezo. Pini moja iliyopotea inaweza kufidiwa kwa waya wa shaba wa kipenyo hicho; kipande cha mkono kilichopotea kinaweza kukufungia mradi wote.

Kwa modeli za zamani, kagua mipasuko myembamba, rangi iliyofura kama malengelenge, au mkono ulioanza kujipinda. Hiyo ni zinki iliyochanganyika na uchafu, hasa risasi, wakati wa kumiminwa. Inaoza kutoka ndani, unyevu huiharakisha, na haina tiba. Kreni ya namna hiyo usiinunulie vifaa hata kimoja, kwa sababu viungo vyake vitaendelea kuvimba na pini ulizopima leo hazitaingia tena.